Mashine ya Mfagizi

Mwaka 1907, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, nchini Marekani, palikuwa na mtu aliyeitwa James Murray Spangler, ambaye riziki yake aliipata kwa kufagia duka. Duka lilikuwa kubwa, lina mazulia ya kusafishwa kila siku, na Spangler alikuwa amekaribia umri wa miaka 60, tena mgonjwa wa pumu. Hakuwa mtu mjinga wala mvivu wa kujaribu. Kabla ya hapo alikwisha kupata hataza, yaani hati za serikali za kulinda uvumbuzi, kwa zana za shambani alizozibuni mwenyewe, lakini hakuna hata moja iliyomtajirisha, na uzee ulimkuta na ufagio mkononi.

Chombo alichopewa kusafishia mazulia kilikuwa kisanduku chenye magurudumu na brashi ya mviringo ndani yake, cha aina iliyobuniwa na Melville Bissell wa jimbo la Michigan mwaka 1876. Ukikisukuma, magurudumu huizungusha brashi, na brashi huitupa taka ndani ya kisanduku. Taka kubwa huingia. Vumbi laini, ambalo ndilo adui wa mwenye pumu, huruka juu na kumsubiri mfagizi avute pumzi. Mtu yeyote aliyewahi kufagia darasa lenye vumbi la chaki bila kunyunyiza maji kwanza anajua ninachosema.

Basi Spangler alitafuta mota ndogo ya umeme, akaiunganisha na feni, akavitia ndani ya sanduku. Mbele aliweka brashi inayozunguka, nyuma akafunga foronya ya mto ili ipokee vumbi, na juu akachomeka mpini wa ufagio. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba hakuna kitu kigeni ndani yake. Kila kimoja kilikuwako tayari dukani au nyumbani. Kilichokuwa kipya ni mpangilio: brashi ikorofishe vumbi, na palepale, kabla vumbi halijapata nafasi ya kuruka, feni ilivute na kulisukumia mfukoni. Hataza ya mashine hiyo ilitolewa tarehe 2 Juni, 1908. Kila kifyonza vumbi cha kusimama wima unachokiona leo, kiwe cha bati, cha alumini au cha plastiki, kimetokana na mpangilio huo wa mfagizi mgonjwa.

Nasema kifyonza vumbi, ingawa najua wako wanaosema kivuta vumbi, na mjini wengi husema mashine ya kapeti tu na mambo yakaisha. Mimi napenda kifyonza kwa sababu ndicho inachofanya.

Ni haki kusema kwamba Spangler hakuwa wa kwanza kufikiria kufyonza. Mwaka 1869 huko Chicago Ives McGaffey alipata hataza ya chombo cha kuzungushwa kwa mkono. Na mwaka 1901 huko London, mhandisi Hubert Cecil Booth, mtu wa madaraja na wa yale magurudumu makubwa ya kupandisha watu juu kwenye viwanja vya starehe, alitazama maonyesho ya mashine iliyopuliza vumbi kwa hewa. Aliona vumbi likihama tu kutoka hapa kwenda pale. Akauliza kwa nini lisivutwe badala ya kupulizwa, na inasimuliwa kwamba alifanya jaribio lake la kwanza kwa kuweka leso juu ya kiti na kuvuta hewa kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka akakohoa. Leso ilipogeuzwa ilikuwa na doa la vumbi upande wa chini. Mashine aliyoijenga ilikuwa kubwa kama gari la mizigo, ikivutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, mipira mirefu ikapitishwa madirishani, na wafanyakazi waliovaa sare wakaingia ndani kusafisha. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mabibi wa London waliwaalika marafiki zao kunywa chai na kutazama nyumba ikifyonzwa.

Tofauti ya watu hawa wawili hunipendeza sana kama mwalimu. Booth alianza na swali la fizikia, akajenga mashine iliyohitaji farasi na kikosi cha watu, nayo ikaenda kwa mfalme. Spangler alianza na kifua chake, akajenga mashine ambayo mtu mmoja anaweza kuisukuma kwa mikono miwili. Ukitaka kujua ni nani alibuni chombo fulani na kwa nini, tazama kinamtaka nani akishike.

Spangler hakuwa na mtaji. Mmoja wa watu walioipata mashine yake mapema alikuwa mwanamke aliyeitwa Susan Hoover, wa kijiji cha New Berlin karibu na Canton, ambaye familia yake ilifahamiana na Spangler. Mumewe, William Henry Hoover, alikuwa na karakana ya bidhaa za ngozi: hatamu, matandiko ya farasi na kadhalika. Magari yalikuwa yameanza kuonekana barabarani, na mtengeneza matandiko mwenye akili aliweza kuona mwisho wa biashara yake. Mwaka 1908 Hoover alinunua haki za uvumbuzi ule, akamweka Spangler kazini na kumlipa mrabaha, na mashine za kwanza zikaanza kuundwa katika pembe ya karakana ya ngozi. Mashine hiyo ya kwanza iliitwa Model O. Mwishoni mwa mwaka huohuo tangazo lilitolewa katika gazeti la Saturday Evening Post likiwaruhusu watu kuijaribu nyumbani kwa siku 10 bure. Spangler alifariki mwaka 1915. Kijiji kilibadili jina na kuwa North Canton mwaka 1918, kwa kuwa wakati wa vita na Ujerumani hakuna aliyetaka kuishi Berlin, iwe mpya au ya zamani. Na jina la mtengeneza hatamu likawa kitenzi katika Kiingereza cha Uingereza, ambako mpaka leo kufyonza zulia ni ku-hoover, mashine iwe ya kampuni gani.

Sina chuki na Hoover. Alilipa, na bila yeye foronya ile ingeozea Canton. Lakini nimeona katika vitabu vya shule, nasi tumevifundisha, kwamba wavumbuzi huandikwa kwa jina lililobandikwa kwenye bidhaa. Wanachuo wangu walipokuwa wakijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha niliwataka waulize, kwa kila chombo, ni nani aliyekuwa akiumia kabla hakijakuwapo.

Miaka iliyofuata mashine ilikua kwa upande mmoja tu, na hili nitalieleza vizuri kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1926, katika mashine iliyoitwa Model 700, kampuni iliongeza vyuma viwili kwenye rola ya brashi. Feni hulinyanyua zulia kidogo kutoka sakafuni, na vyuma vile hulipigapiga kwa haraka sana, kama mtu anavyolikung'uta zulia kwa fimbo juu ya kamba, na mchanga uliozama katika mizizi ya nyuzi hutoka. Kwa zulia ni kazi nzuri ajabu. Mwaka 1936 mchoraji mashuhuri wa maumbo ya bidhaa, Henry Dreyfuss, aliisanifu Model 150: mota ilifunikwa, taa ikawekwa mbele kama ya gari, na chombo kikapata sura ya kitu cha sebuleni. Huko Uingereza, kiwanda cha Hoover kilikuwa kimekwisha kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 mahali paitwapo Perivale, kando ya barabara ya Western Avenue, magharibi mwa London. Jengo lake jeupe, kazi ya wasanifu Wallis, Gilbert na wenzao, lilifanana na jumba la sinema zaidi ya kiwanda. Hapo ndipo zilipotoka nyingi za mashine zilizosambaa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza.

Kwa hiyo kila uboreshaji uliipeleka mashine mbali zaidi na sakafu tupu, ikawa chombo cha zulia. Ukiisukuma Hoover yenye vyuma vya kupigia juu ya sakafu ya saruji, hakuna cha kunyanyuliwa, vyuma havina cha kupiga, brashi hutawanya mchanga mbele ya mdomo, na hewa nyingi huingia pembeni bila kubeba kitu. Mfagizi wa Canton alikuwa na mazulia ya kusafisha, hivyo mashine ilimfaa. Wafagizi wengi wa dunia hawana.

Kuna jambo jingine. Huko Ulaya na Marekani mashine hizi ziliuzwa kwa maneno kwamba zingechukua nafasi ya watumishi, ambao baada ya Vita ya Kwanza walikuwa adimu kwa sababu wasichana walipendelea viwanda na ofisi. Mwanahistoria wa Kimarekani Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alionyesha kwamba vyombo vya namna hii havikumpunguzia mama wa nyumbani saa za kazi kama ilivyodhaniwa. Zamani mazulia yalitolewa nje mara moja au mbili kwa mwaka, na wanaume na wavulana walishiriki kuyabeba na kuyapiga. Mashine ilipoingia, zulia likawa la kusafishwa kila wiki, na wa kulisafisha akawa mama peke yake. Hoja hiyo naiamini, maana nimeona mambo kama hayo kwetu pia.

Huku kwetu watumishi hawakuadimika hata kidogo. Katika baadhi ya nyumba za wakubwa wa serikali ya kikoloni na za wamisionari, mashine iliyobuniwa ili mtumishi asihitajike ilifika, ikakabidhiwa mtumishi. Mojawapo niliikuta mwaka 1986 katika stoo ya nyumba ya mkuu wa chuo cha ualimu, kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini, nilipohamishiwa hapo kuwa mkuu. Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye meko ya kuni na zulia la Kiingereza lililokwisha rangi. Mashine yenyewe ilikuwa Hoover ya wima ya miaka ya 1950, ya Perivale, mwili wa alumini, mfuko wa kitambaa, na waya uliokauka mpira ukawa unabanduka kama gome la mti.

Aliyeijua alikuwa mfagizi wa chuo, mzee aliyekuwa ameisukuma tangu ujana wake kwa wakuu wa chuo watatu au wanne. Alinionyesha mahali pa kukanyaga ili mpini ulale, na jinsi ya kuusikiliza mkanda. Mkanda, kama nitakavyoeleza, ndio kiungo dhaifu cha mashine hizi, na miaka ile bidhaa zilikuwa adimu. Wa dukani haukupatikana. Yeye alikuwa akikata pete kutoka katika mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Alichukua uzi, akazungusha pale mkanda unapopita, akaupima uzi ule kwenye mpira uliolala, na akachagua mpira ambao pete yake ilikuwa fupi kidogo kuliko uzi, ili ivutike. Alikata kwa wembe mara moja bila kusitasita, kwa sababu ukingo ukiwa na meno mkanda huanza kuchanika hapo. Mkanda wa namna hiyo ulidumu miezi michache. Nimefundisha kwa miaka mingi somo la zana za kufundishia zinazotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira, na sijaona mfano ulio bora kuliko ule.

Mzee huyo alikohoa. Alikuwa akifagia madarasa 8 kila jioni, na ukumbi, na ofisi, zote saruji, zote zina chaki. Siku moja nilimkuta akimaliza kufyonza zulia la sebuleni kwangu, akazima mashine, akaniambia kwa heshima zote, "Mkuu, mashine hii mmeipa vumbi la sebuleni. La darasani mmeniachia mimi." Hakuwa analalamika. Alikuwa anaeleza mgawanyo wa kazi.

Nilitaka kumpa jibu la haraka, kwamba aichukue mashine madarasani, na tulijaribu kweli. Ilifanya kama nilivyosema hapo juu: ilitawanya mchanga, na kipande cha kokoto kikapita ndani na kugonga feni kwa kishindo ambacho wanachuo walikisikia bwenini. Tulichoweza kufanya kilikuwa cha kizamani zaidi. Ubao ulifutwa kwa kitambaa chenye unyevu badala ya dasta kavu, sakafu ikanyunyizwa maji kabla ya kufagiwa, na zamu za kufagia madarasa wakapewa wanachuo wenyewe, vijana wenye vifua vizima, yeye akabaki na ofisi na maktaba. Alistaafu mwaka 1991 akarudi kwao. Mashine iliuzwa katika mnada wa vifaa chakavu miaka kadhaa baadaye, nami nikainunua kwa bei ya kuku wawili.

Nilipostaafu mwenyewe ndipo nilipoifungua yote, kipande kwa kipande, juu ya meza ya uani. Ningependa msomaji mwenye mashine kama hiyo, iwe ya kampuni hii au nyingine, ajue kilichomo, kwa kuwa mafundi wa mitaani siku hizi huambiwa "mota imekufa" na kuamini.

Kwanza chomoa plagi. Msingi wa yote ni waya. Mpira wa miaka ya 1950 ukishakauka hauna dawa, usiufunge kwa gundi ya umeme, utupe. Mashine yenye mwili wa chuma inahitaji waya wa nyuzi tatu, na ule wa ardhi lazima ufungwe kwenye mwili kwa skrubu safi isiyo na kutu wala rangi chini yake. Ukifungua plagi ya zamani ya Kiingereza utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Nyekundu ndio wenye umeme, nyeusi ndio wa kurudi, kijani ndio wa ardhi. Waya mpya utakuwa na kahawia badala ya nyekundu, buluu badala ya nyeusi, na kijani chenye mistari ya njano. Nimeona mtu aliyebobea katika redio akibadilisha nyeusi na kijani kwa kufikiri nyeusi ni ya udongo. Angemuua mtu. Na fyuzi: plagi nyingi huja na ya ampea 13, ambayo kwa mashine ya wati mia chache haina maana, ampea 5 inatosha.

Mota ni ya aina ileile ya cherehani ya umeme na drili. Kuna vipande viwili vya kaboni vinavyokandamizwa na springi juu ya silinda ndogo ya shaba iliyogawanyika, na humo ndimo umeme unamopita. Kaboni imeumbwa laini kwa makusudi ili iishe yenyewe na kuiacha shaba. Ikifupika mno springi haifiki, cheche zinakuwa nyingi, na redio ya jirani inakoroma kila unapowasha. Watu wengi hudhani mota imeungua, kumbe ni kaboni zimekwisha. Nilipozitoa zangu zilikuwa zimebaki kama ukucha. Za ukubwa ule sikuzipata, nikanunua kubwa zaidi za drili, nikazisugua taratibu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka zikateleza ndani ya nyumba yake bila kukwama wala kuchezacheza. Shaba niliing'arisha kwa msasa laini kabisa, nikasafisha nafasi zilizo katikati ya vipande kwa kijiti kilichochongwa, kwa sababu unga wa kaboni ukijaa humo umeme huvuka pasipo njia. Beringi zilikuwa na grisi iliyogeuka nta. Niliziosha kwa mafuta ya taa, nikazikausha juani, nikazipaka grisi mpya, chache, maana grisi ikizidi hutoka na kushika vumbi.

Feni ndiyo iliyonisikitisha. Katika mashine hizi vumbi hupita katikati ya feni kwanza ndipo liende mfukoni, kwa hiyo kila msumari na kila kokoto iliyookotwa hugonga bapa zake. Bapa moja la feni yangu lilikuwa na pengo mbele, na nadhani najua ni kokoto gani, ya darasa gani. Feni yenye pengo huzunguka ikitetemeka, na mtetemo huo ndio unaoua beringi. Nililisawazisha pengo kwa tupa, kisha nikapunguza kidogo bapa lililo mkabala nalo, nikiitundika feni juu ya sindano ya kufumia kila baada ya mikwaruzo michache, mpaka ikawa haielemei upande wowote. Ilinichukua asubuhi nzima.

Sasa mkanda. Katika Hoover hizi mota imesimama, mhimili wake ukielekea chini, lakini rola ya brashi imelala. Kwa hiyo mkanda hupinda robo mzunguko njiani, na ukiupindisha upande usio sahihi rola huzunguka kinyume, ikitupa taka mbele badala ya kuzipeleka ndani. Kuna mshale uliochorwa kwenye chuma cha chini, nao unapaswa kufuatwa kama alama ya barabarani. Mkanda uliolegea hauleti kelele yoyote, mota inanguruma vizuri, taa inawaka, mwenye nyumba anasukuma kwa furaha, na rola imesimama kimya. Ndiyo maana yule mzee alinifundisha kusikiliza: zulia likipigwa kweli kuna mlio wa chini, kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali, na mlio huo ukipotea mkanda umekwisha. Sasa mikanda ya kweli hupatikana kwa kuagiza, lakini ya akiba bado naikata kutoka mpira wa pikipiki, na ninaiandika tarehe kwa kalamu ya wino.

Alumini niliisugua kwa majivu laini yaliyochekechwa na kitambaa chenye unyevu, na mwisho kwa dawa ya shaba. Kung'aa si lazima. Nilifanya kwa sababu mjukuu mmoja alitaka kujiona usoni.

Ama kiwanda cha Perivale, kilifunga kazi yake mwaka 1982. Mwaka 1992 nyuma ya sura ile nyeupe pakafunguliwa duka kubwa la vyakula, na baadaye jengo likageuzwa kuwa nyumba za kupanga na kununua. Mwaka huohuo wa 1992 kampuni ya Uingereza iliahidi tikiti mbili za ndege bure kwa kila aliyenunua bidhaa zake za paundi 100, watu wakanunua vyombo wasivyovihitaji ili wapate safari, hasara ikafika mamilioni mengi ya paundi, na mwaka 1995 tawi la Ulaya likauzwa kwa Waitaliano. Kiwanda cha North Canton nacho kilifungwa mwaka 2007. Kampuni iliyoanza kwa kumwachia mtu ajaribu mashine siku 10 bure iliumizwa na neno bure. Hili nalitaja kwa kupita tu, ingawa walimu wa biashara wangelipata somo zima humo.

Kilichobaki ni mfuko, ambao watu huusahau. Mfuko wa kitambaa si pipa la taka tu, ni chujio: hewa yote iliyovutwa lazima itokee katika matundu ya nyuzi zake, na matundu yakiziba mashine haivuti hata mota ingekuwa mpya. Usiufue kwa maji. Kitambaa hupoteza ukaze wake na kusinyaa, na vumbi lililobaki hugeuka tope ndani ya nyuzi. Unageuzwa nje ndani, unapigwa polepole kwa kijiti, kisha unasuguliwa kwa brashi ya nguo kavu, nayo ni kazi yenye vumbi kuliko zote. Wa kwangu una viraka viwili, kimoja cha mkono wa yule mzee, cha kitambaa cha kaki, mishono yake imekaa sawasawa mpaka leo. Huwa naukung'utia nyuma ya nyumba, asubuhi kabla jua halijapamba moto, upepo ukiwa mgongoni na leso imefungwa puani.